Msikilizaji wa Benchi la Mwisho

Jumapili ile nilisoma matangazo ya kanisa kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Kanisa letu la hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, ni dogo, la mabati, na nilikuwa nimechaguliwa kwa sababu tu nasoma Kirundi na Kiswahili bila kukwama. Tangazo la tatu lilikuwa la maziko ya mzee mmoja Mrundi, mkulima wa maharage, saa nane mchana siku hiyo hiyo. Sikuinua macho kwenye karatasi. Nilipomaliza, hata waliokaa mbele walikuwa wakiulizana nimesema nini.

Makaburini tulifika watu sita. Sita hawatoshi hata kupokezana jeneza. Mimi mzee huyo sikuwahi kumwona akiwa hai. Mjane wake hakunigombeza, aliniambia tu, "Dada, umesoma kama mtu anayejificha."

Wiki nzima nililima na maneno hayo kichwani. Mwishowe nikamwendea jirani yangu, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, zamani mwalimu, sasa muuza mkaa. Alikubali kunifundisha mchana, kanisa likiwa tupu. Mimi nilisimama mbele, yeye akakaa benchi la mwisho, macho amefumba. Asiponisikia, anainua mkono.

Siku ya kwanza mkono wake haukushuka.

"Mama, naona mudomo inatembea, lakini sauti haifike huku," alisema. "Pumua kwanza. Haraka ni ya nini? Batu hawakimbie."

Akanifundisha kusema jambo moja, kisha kunyamaza mpaka liwafikie watu. Kunyamaza ndiko kulikonitesa. Mabati yalilia kwa joto, na katikati ya ukimya ule nilianza kusikia pumzi isiyo yangu. Nilidhani ni ya mwalimu.

Siku moja niliingia nikamkuta tayari amekaa mahali pake, kofia ya sufu imeshuka usoni. Kofia ile sikuwahi kumwona nayo, lakini watu huazimana nguo. Sikumsalimu, nilianza moja kwa moja. Nilisema polepole, nikanyamaza, nikasema tena. Yeye alikuwa amegeuza kichwa pembeni, sikio la kulia limeelekea kwangu. Hakuinua mkono hata mara moja. Nilifurahi mno, nikainama kukunja karatasi yangu, na nilipoinuka benchi lilikuwa tupu.

Mlango wa kanisa ni mmoja, nao uko mbele, pembeni ya mahali niliposimama.

Nilitoka nje miguu ikiwa baridi juani. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye boda boda. "Nisamehe, mama," alisema. "Kule zahanati batu walikuwa mingi."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjane wa yule mzee ambaye tangazo lake halikusikika, nikamweleza nilichoona. Alikuwa akichambua maharage. Mikono yake ilisimama.

"Sikio la kushoto la mzee wangu lilikufa zamani," alisema. "Daima alitega la kulia." Kisha akauliza, taratibu, "Alikusikia?"

"Nadhani alisikia."

Akarudi kwenye maharage yake. Hatujazungumzia jambo hilo tena.

Mazoezi niliendelea nayo, ingawa nilimwomba mwalimu tuyafanyie nyumbani kwake, kati ya magunia. Miezi michache baadaye kina mama wakanituma Mbarara, kwenye mkutano wa parokia uliofanyika mtaa wa Nyamitanga, nikaombe tangi la pili la maji kwa upande wetu. Ukumbi ulijaa. Karatasi ikawa inapiga kelele kuliko mimi. Niliiweka chini. Nikapumua. Nikawaambia tunaamka saa ngapi kupanga madumu, na msichana wa jirani aliyevunjika mkono kwenye msukumano wa foleni. Nikanyamaza mpaka watu wakaacha kukohoa. Sikuthubutu kutazama nyuma kabisa. Nilimtazama padri mmoja kijana katikati ya ukumbi, na niliposema kuhusu ule mkono uliovunjika, alifunga daftari lake akanisikiliza.

Waliahidi kutuma mtu aje aone. Alikuja, akapima, na tangi sasa limesimama, ingawa hujaa nusu tu. Siku ile ya mkutano, wakati wa chai, mama mmoja kutoka Biharwe, karibu na Mbarara, alinishika mkono. "Wewe nyabo, mama, unaongea muzuri," alisema. "Nani alikufundisha?"

Nilimwambia ni jirani yangu, muuza mkaa. Yule mzee wa benchi la mwisho sikumtaja, nikamalizia chai yangu.