Siku Niliyonusa Mafuta ya Gia

Enzi zetu gari halikuongea. Siku hizi ukiliwasha tu, sauti ya mwanamke inakuambia funga mkanda, mlango uko wazi, sijui nini, na vijana wetu wanamtii kuliko wanavyowatii mama zao. Sisi tuliokulia kwenye vilima vya majani chai huko juu ya Litein tulilisikiliza gari kwa masikio na kulinusa kwa pua, na likigoma tulilisukuma tukicheka, matope hadi magotini.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya gia otomatiki, aliyoinunua kwa meneja mmoja wa shamba kubwa aliyekuwa akihama. Ilikuwa imetembea mno. Hata namba za maili zilikuwa zimefika mwisho zikaanza upya. Kwa kuwa haikuwa na klachi, majirani waliiita gari la mvivu. Lakini mvivu huyo ndiye aliyebeba magunia ya majani, mikebe ya maziwa, kwaya ya kanisa na kila mgonjwa wa kilima chetu. Sisi watoto tulipanda nyuma, tukashika vyuma na kutafuna mahindi ya kuchoma yaliyochanganyika na vumbi, na hakuna aliyetuuliza habari za mikanda.

Nilipokuwa darasa la tano, pikapu ilianza kusita. Ukiiweka kwenye D, gia ya kwenda mbele, inafikiria kwanza, halafu inaruka mbele kwa kishindo. Wakati huo Mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Miaka miwili kabla ya hapo, Baba akiwa bado hajainunua pikapu, alijifungua njiani, kwenye kilima cha kwenda hospitalini, ndani ya gari la kukodi lililokwama matopeni, na yule mtoto, wa kike, hakuishi. Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo hilo. Ila kila pikapu iliposita, Baba alimtazama Mama, na Mama alitazama kando.

Fundi wa sokoni alimwonya Baba asiyaguse mafuta ya gia. Alisema gia iliyozeeka imeshazoea uchafu wake, ukiutoa inakufa siku hiyo hiyo. Baba hakukubali wala hakukataa. Yeye alifanya kazi kiwandani, kwenye chumba ambacho majani huachwa yachachuke, na humo hakuna saa iliyoaminiwa kuliko pua yake. Majani yakiacha kunuka nyasi yakaanza kunuka tunda, yeye ndiye aliyesema yapelekwe kwenye moto. Basi akaamua mafuta nayo yajisemee. Yakinuka kuungua, gia imeshaliwa, heri kuyaacha. Yakiwa machafu tu, atabadilisha yale ya kwenye bakuli la chini ya gia peke yake, mengine ayaache, halafu arudie baada ya mwezi, ili gia isishtuke.

Kasoro ni kwamba wiki hiyo Baba alikuwa na mafua. Pua iliyotegemewa na kiwanda kizima ilikuwa imeziba kabisa. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akanishikisha.

"Chelangat, nusa polepole," akasema. "Na usiniambie kitu ya kunifurahisha."

Mafuta yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Nilisikia harufu ya chuma na ya kitambaa cha Baba cha kufutia kijiti. Kuungua? Sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilitamani mno kuwa mtu mwenye pua. Nikasema, kwa sauti ya watu wazima, kwamba hayajaungua. Baba akaniamini pale pale.

Jumamosi asubuhi alianza kazi uani, baada ya kuweka jiwe nyuma ya kila gurudumu. Ua wetu, kama nyua zote za kule, ulikuwa mteremko; ukiangusha kiazi mlangoni, kakitafute mtoni. Alifungua bakuli, akakinga mafuta kwa karai, akafuta unga wa chuma ulionasa kwenye sumaku, akafunga filta mpya, kisha akamimina mafuta mapya, mekundu kama sharubati. Yale machafu aliyaweka ya kupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa, maana enzi zetu hakuna kilichotupwa. Akawasha injini, akapitisha gia zote, akapima. Kijiti kikaonyesha imejaa.

Akaondoa mawe, akajaribu kupanda. Injini ilinguruma, gari likabaki pale pale. Akajaribu tena. Halafu akazima, akayarudisha mawe nyuma ya magurudumu.

Nilikimbilia nyuma ya zizi nikalia. Nilijua nimeiua pikapu kwa uongo wangu, na nilijua Mama atapanda nini siku yake ikifika. Mwishowe nikamfuata Mama shambani alikokuwa akichuma mboga, nikaungama yote: sikujua harufu ya kuungua, nilibahatisha. Hakunigombeza. Aliuliza tu tulipimia wapi. Kisha akashika kiuno, akapanda taratibu hadi alipokuwa Baba. Mama alikuwa ameuza majani miaka mingi, na karani wa kituo alimwogopa, kwa sababu hakukubali gunia lake lipimwe mpaka mizani ikae sawasawa.

"Baba Chelangat," akasema, "mmepima hapa kwa mlima. Mizani ikikaa kombo si inadanganya? Teremsha gari mpaka senta, kule kuna simiti."

Senta ni kituo cha kuuzia majani, na sakafu yake ndiyo iliyokuwa mahali pekee palipokuwa sawa kilimani kwetu. Baba aliliteremsha gari taratibu, mguu kwenye breki. Pale kwenye simiti, injini ikiunguruma, akapima upya. Mafuta yalilowesha ncha tu ya kijiti. Akaongeza kidogo, akapima, akaongeza tena, mpaka yakafika kwenye alama. Akaweka D. Pikapu ikaondoka bila kishindo, ikapanda kilima chote, Mama ameketi mbele na mimi nyuma nimeshika vyuma. Niliona raha ambayo sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu. Mafua yalipoisha, Baba alinusa mafuta ya kwenye karai akasema kweli hayakuungua. Nikamwambia nilibahatisha. Akacheka, akasema hata yeye alianza kazi kiwandani kwa kubahatisha.

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya mvua kubwa, uchungu ulimshika Mama. Pikapu ilikipanda kile kilima cha hospitalini bila kusita hata mara moja, na kabla ya saa saba mchana tulisikia mtoto akilia.

Mtoto huyo sasa ni mama wa watoto wawili, na ana pikapu yake, otomatiki, nayo imeshatembea sana. Haina hata kijiti cha kupimia. Juzi alinipigia akiwa na hofu: ametazama video tatu kuhusu kubadilisha mafuta ya gia, kila moja inapinga mwenzake. Nilimcheka, kisha nikasikitika. Baba hayupo tena, na hakuna simu inayoweza kunusia mtu mafuta. Nilimwambia atafute fundi mzee na sakafu ya simiti.

Sisi Wakipsigis humpa mtoto jina la wakati au mahali alipozaliwa. Wa kike aliyezaliwa mchana ni Chebet, na aliyezaliwa safarini ni Cheruto. Mdogo wangu anaitwa Chebet. Nyumbani kwetu hatuna Cheruto.