Magoli ya Numero Tisa

Ninyi vijana mutakaosoma hii, musome polepole. Mimi niliacha masomo mwaka wa tatu, sijui kuzungusha maneno. Naandika kile mikono yangu ilifanya. Miaka yote mume wangu alicheza mupira kwa timu ya muji wetu, mimi ndiye nilikuwa nafua mayo za timu, zile nguo za kuchezea zenye numero, hapa hapa Cimpunda.

Sasa timu imezeeka, na komite imeamua kuandika historia yake. Watapaka rangi ukuta wa kiwanja, waandike pale majina ya wafungaji wakubwa, na Dimanche, siku ya misa, wayasome mbele ya watu. Sekretere wa komite, kijana wa miwani, akatuletea nyumbani liste ya majina. Akasoma. Wa kwanza: kapiteni wetu wa zamani. Mume wangu hakuwa wa pili, hakuwa wa tano. Hakuwamo!

Nikamuuliza: «We mutoto, kapiteni alifunga goli gani? Yule alikuwa beki. Hakuvukaka katikati ya kiwanja, aliogopa kuchoka.»

«Koko,» akajibu, kama kwa nyanya yake, «iko ndani ya kaye ya zamani, daftari ya magoli. Numero tisa alifunga kupita wote. Na ndani ya foto, ni kapiteni anavaa tisa.»

Foto! Foto moja tu, ya wakati wa jua, siku mayo zote zilikuwa kavu.

Ile kaye haikuandika majina, iliandika numero. Na numero haikuwa ya mutu. Tulikuwa na seti moja tu ya mayo, hakuna zingine. Mvua ya Bukavu munaijua: unaanika asubuhi, saa sita nguo iko inalowa tena. Siku ya mechi nilibeba mayo ndani ya basini ya kufulia, zingine kavu, zingine zinatiririka maji. Kapiteni anachagua kwanza, anavaa kavu, numero yoyote. Wengine wanafuata. Mume wangu alikuwa anangoja mwisho, watu wasiseme mimi bibi yake namupendelea. Na tisa ilipasukaka, tukaishona upya na kitambaa kizito, haikukaukaka. Ndiyo ilimubakia kila mara. Alifunga magoli yake akitetemeka kwa baridi.

Nikamwambia sekretere: «Enda umuulize kapiteni. Angali muzima.»

Akaenda, akarudi. «Koko, amesema kaye haidanganyi.»

Haidanganyi! Mutu aliyevaa kavu maisha yake yote!

Mume wangu, na goti yake mubovu, alikuwa anacheka pale kwenye kiti. «Mama, acha. Ni rafiki yangu. Dimanche tutaenda kumupigia makofi.»

«Makofi ya nini? Ya kuchagua nguo?»

«Rangi iko tayari, koko,» sekretere akasema, akatoka mbio bila kumaliza chai.

Nikaita watoto na wajukuu wote, nikawaambia:

«Dimanche mutavaa nguo za misa. Mutamushika papa yenu mukono, mumukalishe mbele kabisa, pale kapiteni atamuona. Wakisoma jina la yule, papa apige makofi kama anataka, ni mikono yake. Ninyi wengine, mikono juu ya mapaja. Na kapiteni akikuja kusalimia, mumuulize kwa heshima, mbele ya watu wote: goli yake moja tu, yoyote, alifunga na muguu gani.»