Keneilwe Hasaini Ukimya wa Namba Tisa

Mabosi wanapenda skrini ya kijani, ile inayosema mwamba umetulia. Keneilwe Motsumi haiamini, na ndiyo maana ofisi ya mgodi wa Kgalapitse inamwita kichwa kigumu.

Chuo hakukanyaga. Programu alijifunzia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nyuma ya kibanda cha mama yake cha supu ya matumbo, nje ya geti la mgodi. Baadaye mgodi huohuo ukampa kazi: aandike programu ya kusikiliza mwamba. Chini kule kuna vipima mtikisiko mia nne, vyote vinatuma habari bila kupumzika. Programu ya zamani ilizipanga foleni moja, ikawa inazidiwa. Keneilwe akaivunja foleni. Kila handaki akalipatia msikilizaji wake, wote wanafanya kazi kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake.

Wiki ya majaribio, kijani mtindo mmoja. Na Namba Tisa, handaki la mbali kuliko yote, ndilo lililotulia zaidi.

Jumapili mjomba wake Rapula akaja kula. Huyu kila asubuhi hugonga paa la Namba Tisa kwa nondo ndefu kabla wenzake hawajaingia, asikie kama mwamba umeshikana.

"Namba Tisa imetulia, mjomba."

"Nani kasema?"

"Mashine."

Rapula akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mashine yako kiziwi, mwanangu. Lile paa linaongea kutwa. Juzi limenijibu hata sijaligonga."

Jumatatu asubuhi na mapema Keneilwe akaifungua programu yake. Kosa akalikuta, na lilikuwa lake mwenyewe. Aliiambia programu itupe habari yoyote inayochelewa zaidi ya sekunde mbili. Waya wa Namba Tisa ni mrefu na mbovu, habari zake zinachukua sekunde tatu, nne. Karibu zote zilikuwa zinaishia kwenye taka.

Meneja Mostert alikuwa anamngoja na fomu ya kuukubali mfumo.

"Saini, utarekebisha baadaye. Wakubwa wanafika saa nne."

"Sisaini."

"Unajua wangapi wanaitaka kazi yako?"

"Wape kalamu basi. Ila uwaambie nani yuko kule chini."

Penye saini akaandika: NAMBA TISA HATUISIKII. Akapiga picha, akamtumia Rapula kabla zamu haijashuka. Sheria inamruhusu mchimbaji kukataa kuingia penye hatari. Rapula na wenzake kumi na wanne wakakaa kwenye benchi, kofia magotini.

Keneilwe naye akaandika upya: programu ifuate saa mtikisiko ulipotokea, siyo saa habari ilipofika, na kila handaki lingoje habari zake zilizochelewa bila kuyakwamisha mengine.

Saa nne wakubwa wakaingia. Namba Tisa ilikuwa nyekundu tupu.

"Hii nini?" mmoja akauliza.

"Ndiyo Namba Tisa inaongea. Vuteni viti muisikilize."

Handaki likafungwa, likaanza kuwekwa nguzo. Fomu mpaka leo haina saini. Keneilwe anasema ataisaini siku Rapula atakapogonga paa, na kugonga kwenyewe kukaonekana kwenye skrini.