Maziwa ya Wachomeleaji

Shemeji yangu ni mchomeleaji. Kwa miaka mingi ameunganisha matangi ya chuma kisichoshika kutu katika karakana yenye mlango mmoja. Kila asubuhi msimamizi huwagawia mafundi pakiti ya maziwa, nao huamini kwa dhati kwamba maziwa husafisha kifua.

Dada yangu, mkewe, hakuwahi kukubali. "Maziwa yanaenda tumboni, moshi unaenda kifuani. Vitakutana wapi, baba watoto?"

"Wewe niachie kifua changu," alijibu, kisha akakohoa mpaka akaketi.

Mwaka huu picha ya eksirei ilionyesha mapafu yake yana makovu. Daktari hakuzungukazunguka: moshi ule hubeba kromiamu na nikeli, metali zinazoweza kuleta saratani. Saratani bado haijaonekana, lakini kila siku anayoendelea kuuvuta inaongeza hatari. Apate feni ya kunyonya moshi mezani pake, au aache kazi. Kazi nyingine haijui.

Akaenda kwa tajiri, mwenye karakana, pamoja na wenzake. Tajiri aliwasikiliza kwa upole wa kuudhi.

"Feni nitafunga," akasema, "ila maziwa nayakata. Chagueni wenyewe. Nani anataka feni?"

Shemeji akanyoosha mkono. Ukabaki peke yake hewani.

"Mzee wa Picha, unataka kutuua?" mmoja alifoka, akimkejeli kwa ile picha ya mapafu. "Moshi bila maziwa?"

"Feni ikiwepo, huo moshi utauvuta wapi?"

"Feni inanyweka?"

Wakaangua kicheko, hata jirani yake wa meza ya pili, ambaye kwa kukohoa anamshinda. Tajiri alijua fika watachagua nini, nao wakamchagulia kwa shangwe.

Kesho yake shemeji alikokota meza yake hadi mlangoni, apate angalau hewa ya nje. Upepo ukapeperusha gesi inayokinga chuma kinapoungwa, tangi likavuja, na msimamizi akaamuru meza irudi ndani. Ni meza ya chuma, nzito. Pumzi ilimwishia kabla hajafika nusu ya njia. Jirani yule akaja, pakiti ya maziwa ikining'inia mdomoni, akashika upande wa pili.

"Twende, kaka. Haya, sukuma!"

Wakaisukuma mpaka ndani kabisa, wakikohoa kwa kupokezana. Kisha kila mmoja akawasha mashine yake.