Besi Iliyowameza Akina Mama

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kwetu juu ya Runyenjes hadi mjini Embu si mbali, lakini safari hiyo huwa naiona kama adhabu, na za shule zilinitosha. Kwa hivyo asubuhi niliyotoka kwenda kununua hedfoni mpya nilikuwa nimekasirika kabla hata ya kufunga viatu.

Jumapili iliyotangulia, kanisani walikuwa wamecheza wimbo wa kwaya ya akina mama, niliokuwa nimeuchanganya sauti mwenyewe kwa kompyuta, chumbani. Gitaa la besi lilinguruma hadi vioo vya madirisha vikatetemeka. Akina mama wote wakamezwa. Mama yangu mzazi, ambaye ndiye wa solo, hakusikika hata pumzi.

Mwenyekiti wao alinishika mkono mlangoni. "Kijana, tulikuletea nyimbo sita. Huu ukirudi Jumapili ukiwa hivi hivi, hizo tano tunapeleka studio ya Embu. Na usimtume mama yako aje kunililia."

Nikalaumu hedfoni zangu. Zilinipa besi nyepesi kama chai ya matanga, ndiyo maana nikawa naongeza tu.

Dukani nikajaribu za kwanza: besi hakuna. Za pili: hakuna. Za tatu, za bei ya mbuzi mzima: hakuna!

"Mnauza takataka," nikasema.

Muuzaji, binti aliyekuwa akitafuna chingamu, aliniangalia kwa huruma. "Mzee, utatoa hiyo kofia, ama hedfoni tunaiuzia kofia?"

Wateja wakacheka. Huku kwetu kwenye mashamba ya chai, baridi ya Julai ikifika, kofia ya sufu inavutwa hadi chini ya masikio na inasahaulika huko. Nikaivua. Besi ikaja kama ndama aliyefunguliwa.

Binti akanieleza polepole, kama anayefundisha chekechea, kwamba ile mito ya hedfoni lazima ikumbatie sikio. Ikiacha upenyo, besi inatoroka. "Hata zako za nyumbani pengine ni nzima."

Zilikuwa nzima. Nilirudi mikono mitupu, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba sasa sikuwa na wa kulaumu. Wiki nzima nikauchanganya wimbo upya, masikio wazi, yakiuma kwa baridi.

Jumapili ukachezwa. Besi ilitulia chini kama mkeka, akina mama wakasimama juu yake. Mwenyekiti alisikiliza macho yamefungwa.

"Sasa tuko," akasema. "Hizo tano malizia. Lakini mama yako umemwinua kupita wenzake, wameanza kunung'unika."

Nilipofika nyumbani nikamweleza mama. Hata hakugeuka, alikuwa akimenya viazi.

"Huo ni wivu," akasema. "Hapo kwa kibwagizo niongeze tena kidogo."