Povu la Mzee Baridi

"Baba mkwe wako anajua anachofanya," mshonaji alisema, pini tatu zikiwa kwenye kona ya mdomo. "Anaacha katundu kadogo makusudi. Gesi ya jokofu ikitoka yote, si utamwita tena? Ndiyo maana hakosi kazi."

Mkaza mwana alikuwa amekaa kwenye benchi la mshonaji akisubiri gauni lake lifupishwe, mtoto amelala titini. Alijua kabisa kwamba hapo ilimpasa kusema neno. Badala yake akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha puani, cha mtu asiyetaka kuonekana ana mdomo, lakini kilitoka, na mshonaji akakidaka.

"Unaona? Hata wewe wa ndani unajua."

Alirudi nyumbani masikio yanamwaka. Akamkuta mzee kibarazani, amejikunyata mbele ya mashine ya jokofu la muuza nyama, spana zake amezifunga vitambaa. Alianza kuzifunga hivyo siku mjukuu alipozaliwa, ili zikigongana zisimwamshe. Hakuna aliyemwomba. Huyo ndiye mtu aliyechekwa kule.

Mtaa mzima ulimwita Mzee Baridi. Tangu mkaza mwana aletwe na mumewe, dereva wa lori la masafa marefu, kwenye nyumba hii, hakuwahi kumsikia mzee akipandisha sauti. Kikombe chake alikiosha mwenyewe. Akiwa kazini ndipo aliongea, tena na vyuma. Alikuwa akifuta mafuta kwenye meno ya jointi, pale mabomba mawili yanapoungana, kwa kitambaa kikavu, kisha anachovya kijiti kwenye dawa ya kuzibia, anapaka akizunguka, huku akinong'ona: "Meno mawili ya mwanzo tuyaache. Dawa ikiingia ndani itaikaba koo." Halafu anakaza, anaiacha dawa ikauke, wala hana pupa.

Siku hizi alikuwa akipapasa. Benchi alilihamisha kutoka kivulini akaliweka juani. Alihesabu meno ya jointi kwa ukucha. Kuna asubuhi alilisalimia koti la mwanawe lililotundikwa mlangoni, kisha akakohoa, kana kwamba tangu mwanzo alikusudia kukohoa tu. Mkaza mwana aliinama akajifanya anatafuta kifungo sakafuni.

Sasa alimwona anapaka dawa. Upande mmoja ilirundikana kama uji uliomwagika; upande wa pili meno yalibaki yanang'aa mafuta, hayakuguswa kabisa. Mzee akakaza. Wakasubiri ikauke. Jua lilipopungua makali akajaza upepo wa kujaribia kutoka kwenye mtungi, akamwagia jointi maji ya sabuni, akasogeza sikio badala ya jicho.

"Hapa pametulia," alisema, akitabasamu. Kisha akaongeza, polepole, "Au wewe unaona nini, mwanangu?"

Povu lilikuwa linavimba. Dogo, jeupe, linapasuka, linavimba tena, palepale penye mafuta: upepo ulikuwa unatoka. Angeweza kuligusa kwa kidole. Lakini mzee alishasema pametulia, na tabasamu lilikuwa bado halijaondoka usoni. Mke wa mwanawe, tena aliyeishia darasa la saba, amwambie baba mzima kwamba hapajatulia?

"Pako sawa, baba," alisema.

Mashine ikarudi buchani.

Haikupita wiki, muuza nyama akaingia uani na ndoo ya nyama, akaibwaga kibarazani. Harufu ilitangulia kujieleza. Milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja. Mshonaji alitoka na kipande cha kitambaa mkononi, akasimama mahali pazuri pa kuonea.

"Mzee, hii ni mara ya pili," muuza nyama alisema. "Watu wananiambia unatufuga, mimi nabisha. Leo niambie mwenyewe. Unaacha tundu makusudi?"

Mzee Baridi aliitazama ndoo, au mahali ilipotoka harufu. Akavua kofia.

"Labda," alisema. "Labda nilikusudia."

Watu wakaguna. Mkaza mwana hakuwa mjinga, alielewa papo hapo. Mzee alikuwa radhi kuitwa mwizi mbele ya mtaa, kuliko mtaa ujue kwamba fundi haoni. Na yeye, aliyeliona povu kwa macho yake mawili mazima, alikuwa amesimama pale akimbembeleza mtoto asiyelia.

"Hakukusudia," alisema.

"Wewe nani kakuuliza?" muuza nyama alimgeukia.

"Nilikuwepo. Aliponiuliza kama panavuja nikamwambia pako sawa. Panavuja, nilipaona. Nyama yako nimeiharibu mimi." Akamhamishia mtoto begani. "Na dukani kwa mshonaji waliposema anafanya makusudi, nilicheka."

Mshonaji akaanza kukikunja kile kitambaa, akakikunja mpaka hakikukunjika tena.

"Sawa, wewe uliona ukanyamaza," muuza nyama alisema. "Na macho yake yeye yalikuwa wapi?"

Mkaza mwana akamgeukia mzee. Jibu hilo halikuwa lake kulitoa.

"Hayapo," alisema Mzee Baridi. "Mwaka huu wote. Nakuona kama moshi, bwana. Meno ya jointi siyaoni kabisa."

Muuza nyama alijikuna shingo, akaiokota ndoo yake.

"Si ungesema tu, mzee."

"Ningesema kwa mdomo gani?" Mzee aliigeuzageuza kofia. "Niache niirekebishe hii moja. Baada ya hapo tafuta fundi mwingine, wala sitanuna."

"Kesho," alisema muuza nyama. "Ikivuja tena, basi."

Watu wakaingia ndani, safari hii bila kelele. Mkaza mwana alipiga magoti karibu na benchi, hakuweza kuinua uso.

"Nisamehe, baba."

"Uliniheshimu."

"Nilikuogopa. Na kule nilicheka."

"Nimesikia." Mzee alinyoosha mkono, akapapasa hewani, akaupata mguu wa mtoto, akaushika. Kisha akauelekeza uso ukutani. Alipoongea tena, aliongea na ukuta.

"Naona haya kukuomba hili. Twende wote kesho, na mtoto umbebe. Mimi nitashika spana, dawa utapaka wewe. Tukishamwaga sabuni nitakuuliza mbele ya yule bwana, na wateja watakuwepo. Nakuomba, mwanangu, nikikuuliza, usiniheshimu."