Abee ya Zaituni

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo wageni kutoka wilayani walikuja kuiona bustani yetu. Imenirudia juzi, uliponionyesha simu yako ukasema, "Mama, wanakikundi wote wapo, tazama, kila mmoja ametuma kidole gumba." Nilinyamaza, ukadhani mambo ya simu yamenishinda. Niliyaelewa vizuri tu, ila niliogopa. Kaa basi nikwambie niliogopa nini, maana sasa wewe ndiye katibu, na daftari la majina mimi nalijua ubaya wake.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa karibuni, mtoto wangu wa kwanza bado yuko mgongoni. Kijijini kwetu, njia ya kwenda Mgori, tulikuwa na kikundi cha kujitolea, watu kama ishirini, wengi wetu wanawake. Usidhani kujitolea kumeanza na hizo fulana zenu za kijani. Mzee mmoja, Mzee Ntandu, alitupa kipande cha shamba juu ya kisima, nasi tukalima mchicha, figiri, mnafu na sukuma wiki. Hatukuuza hata jani. Mboga zilikwenda kwa akina mama wanaoleta watoto kliniki na kwa wazee wasio na mtu wa kuwalimia. Miche tuligawa Ijumaa nje ya msikiti na Jumapili nje ya kanisa, ili kila nyumba iwe na tuta lake karibu na mlango.

Kila Jumamosi asubuhi katibu wetu, Gidioni, aligonga ringi ya gari iliyoning'inia kwenye nguzo, kisha akaita majina kwa sauti kubwa, maana upepo wa huku kwetu unaujua. Gidioni alikuwa mtu wa haki, lakini alilipenda daftari lake kuliko alivyotupenda sisi. Hakuinua macho. Mwanamume akisema naam, mwanamke akisema abee, anaweka alama na kuendelea. Aliyekosa bila taarifa alipewa ndoo kumi za maji kupandisha kutoka kisimani, na ule mpando uliwatoa watu machozi. Kwa hiyo tukazoea kufichiana. Mwenzako hayupo, unamwitikia wewe. Tuliona ni upendo, na kweli ulikuwa upendo, ila wa mtu asiyetaka kuinuka alipokaa.

Bingwa wa kazi hiyo nilikuwa mimi. Mungu alinipa koo la kuiga. Niliweza kumwiga mchungaji, mwalimu wa madrasa, hata mama mkwe wangu akiwa na hasira, na watu wakicheka nilijisikia mtu mkubwa. Abee ya Zaituni ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Alianza chini, akaivuta, akaimalizia juu, utadhani anauliza swali.

Huyo Zaituni alikuwa rafiki yangu. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya tembe, ile ya paa bapa la udongo, upande wa magharibi, nyuma ya miamba ile mikubwa unayoiona ukisimama bustanini. Mumewe alikwenda machimboni huko Iramba na misimu miwili ya kilimo ilikuwa imepita bila yeye kurudi. Jirani wa karibu hakuwepo. Zaituni alikuwa na jembe, kuku wachache, na sisi.

Jumamosi ya kwanza hakuja. Nikajisemea, atakuwa amekwenda kwa mama yake Ilongero. Hakuna aliyeniambia hivyo, niliitunga mwenyewe pale pale nikiwa nimesimama. Gidioni akaita, "Zaituni!" Nikajificha nyuma ya wenzangu nikaitoa, "Abeee!" Wanawake wakaziba midomo kwa kanga. Alama ikawekwa.

Sasa sikiliza. Gidioni alikwishaita majina mengine mawili, la tatu liko mdomoni, ndipo abee nyingine ikaja. Ilitoka kwenye miamba. Ilikuwa ya chini, ndogo, na haikumalizia juu. Upepo siku zote hutoka mashariki na kulisukuma kila neno letu kwenda kwenye miamba ile, na sauti hiyo ilikuja ikikabiliana nao. Nikajiambia ni mwangwi. Lakini mwangwi haungoji majina mawili, mwanangu, na hilo nililijua siku ile ile.

Jumamosi ya pili Zaituni hakuja tena, na mimi nikaitika tena, safari hii kicheko kikinitoka nusu. Abee ile ikaja vile vile. Mtoto wangu mgongoni aliamka, akageuza kichwa kutazama miamba, akabaki anatazama. Nikamuuliza mwenzangu wa kando, "Umesikia?" Akasema, "Nini?" Nikamwona huyo yuko sawa, nikajilazimisha kuwa sawa na mimi.

Kilichonituliza kilikuwa tuta lake. Jua lilikuwa kali, matuta yetu sote yameanza kuwa ya njano, panzi wametoboa majani, lakini tuta la Zaituni lilikuwa kijani kibichi kuliko yote. Kila nikifika asubuhi nakuta udongo wake una maji. Nikasema, kumbe huwa anakuja kwa wakati wake. Baada ya hapo sikuuliza kitu. Na bado kuna asubuhi nilisimama mbele ya tuta lile nikaona baridi miguuni, maana lilikuwa limestawi mno, na hakukuwa na wayo wake hata mmoja.

Jumamosi ya tatu ndiyo ile ya wageni. Tulifagia njia, tukapika kuku, mlenda na ugali wa uwele. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole, aliyeijua kazi ya kilimo. Alipita tuta kwa tuta hadi la Zaituni, akachuchumaa, akaukamata udongo kwa vidole.

"Mwenye tuta hili ni nani?"

"Ni Zaituni, mama," Gidioni akasema, na daftari akalifunua. "Huyu hajakosa hata Jumamosi moja."

Kisha akagonga ringi ili wageni waone utaratibu wetu. Majina yakaenda. Lilipofika la Zaituni, mdomo wangu ulifunguka kabla ya akili. "Abeee!" Mama yule akatabasamu, akasema, "Hebu asimame tumpigie makofi."

Hakusimama mtu. Wageni wakatazama nyuma, wakatazama kando. Mikono ilikuwa tayari kupiga makofi, ikabaki hewani. Mimi nilijifunika kanga.

Mzee Ntandu alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima pamoja na wageni. Elewa kwamba mzee yule alikuwa na masikio mazito. Ulimpa shikamoo mara tatu kabla hajasema marahaba, na ng'ombe wake wakilia nyuma yake hakugeuka. Ndiye aliyeinua fimbo, akaielekeza kwenye miamba.

"Mbona mnamtafuta hapa?" akasema. "Ameitikia kule. Sauti yake imechoka."

Safari hii mimi sikuwa nimesikia chochote. Hakuna aliyesikia.

"Mzee, ameitika kila Jumamosi, tazama," Gidioni akamsogezea daftari.

Mzee akalisukuma kwa fimbo. "Sijaliuliza daftari. Nani kati yenu amemwona Zaituni kwa macho yake?"

Mmoja akasema alidhani fulani amemwona, na fulani akasema alidhani ni mimi. Kisha mama mmoja akaanza kulia. Alisema yeye alikuwa anamwagilia tuta la Zaituni kila asubuhi kwa maji yanayobaki kwenye ndoo, asije akaaibika mbele ya wageni. Mwingine akasema hata yeye. Wa tatu akasema hata yeye, kila jioni. Walifika sita, mwanangu, kila mmoja kwa siri, na hakuna aliyekwenda nyumbani kwake, kwa sababu kila mmoja alikuta udongo una maji akajua Zaituni ni mzima.

Ikabaki zamu yangu. "Mzee," nikasema, na ilibidi nipige kelele ili anisikie, wageni wote wakisikia, "aliyekuwa anaitika ni mimi."

Hakukasirika, na ningeshukuru kama angekasirika. Akasema, "Mmemzika mtu, na hamjui hata kama amekufa."

Tuliondoka mbio, vyakula vikabaki kwenye sahani. Nyuma ya miamba kulikuwa kimya. Kuku wake walikuwa wamepanda juu ya tembe, wamepanga mstari, wanatutazama. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Wakaniambia mimi niite, nikaita, "Zaituni! Zaituni!" kwa sauti yangu mwenyewe. Hakuitika. Wanaume wakauvunja mlango, na harufu ikatutangulia kutoka.

Alikuwa chini, karibu na kizingiti, mtungi wa maji mtupu ubavuni na maganda ya karanga pande zote. Alikuwa amejikata mguu kwa jembe, siku moja kabla ya ile Jumamosi ya kwanza. Mguu ulikuwa umevimba hadi pajani na wayo umekuwa mweusi. Macho yake yalikuwa wazi. Hakunitazama, alitazama nyuma yangu, mlangoni.

"Mwenzangu mmemwacha wapi?" akauliza.

"Mwenzako nani, Zaituni?"

"Yule anayeitika."

Gari la wageni ndilo lililompeleka hospitali mjini. Waliukata mguu chini kidogo ya goti. Daktari alitueleza bila kuficha kwamba angeletwa wiki mbili nyuma, kidonda kingeoshwa, angechomwa sindano, angerudi nyumbani kwa miguu yake. Wiki mbili nyuma ni ile Jumamosi ya kwanza. Sikuhitaji mtu wa kunihesabia.

Nilipokwenda kumuuguza ndipo aliponieleza. Jumamosi ile ya kwanza alijivuta kutoka kitandani hadi mlangoni, akashindwa kulifikia komeo, akavuta pumzi ili apige kelele. Upepo ukamletea mlio wa ringi, kisha jina lake. Akasema moyoni, sasa wataniulizia.

"Halafu nikajisikia nimeitika huko kwenu," akasema. "Sauti yangu kabisa. Nikasikia na kicheko. Nikajua mimi niko bustanini, mzima, na huyu aliyelala chini sijui ni nani. Sasa ningemwita nani? Nikangoja kidogo, nikaitika na mimi, polepole, nijaribu kama mdomo huu bado ni wangu. Wiki iliyofuata nikajaribu tena."

"Na Jumamosi ya tatu?" nikamuuliza.

"Ya tatu sikufungua mdomo. Ulimi ulikuwa umekauka."

Mimi nimezeeka na sijui Mzee Ntandu alisikia nini. Nilimuuliza, akanijibu kwamba alisikia alichosikia, akaenda zake kuangalia ng'ombe. Sikuuliza mara ya pili.

Zaituni alirudi kikundini na magongo yake. Gidioni alijifunza kuinua macho, hakuweka alama tena mpaka aone uso. Zaituni hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo limenikaa kifuani. Miaka mingi baadaye tulikuwa tunabangua karanga kwangu, akacheka akasema, "Hebu niige tena, nisikie nilivyokuwa." Nilifungua mdomo. Haikutoka. Tangu siku ile ya wageni sijamwiga mtu, na ndiyo maana wajukuu wakinibembeleza niige mbuzi au mchungaji huwa nawafukuza, mkadhani ni ukali wa uzee.

Sasa, mwanangu, sikia ninachokuomba. Kidole gumba hicho kwenye simu yako ndiyo abee yangu ile. Simu ya mtu inaweza kuwa mkononi mwa yeyote. Tuta la mtu linaweza kustawi bila yeye. Kumsaidia mwenzako kazi ni vizuri, mwagilia tuta lake, lakini ukishaweka ndoo chini nenda ukamwone. Jumamosi hii mnapeleka miche mnadani Ilongero, na najua mmekwisha kukodi spika na bodaboda. Kabla hamjapakia, chukua hiyo orodha yako, na kila ambaye hujamwona uso wiki hii, nenda mlangoni kwake upige hodi mpaka atoke. Miche inaweza kungoja.

Na siku ukiita jina asiitike mtu, usikubali mwingine ajibu kwa ajili yake, hata kwa utani. Acha kimya kile kiwepo, kiwaumize. Kimya ndicho kinachowainua watu waende. Sisi tulikiziba kwa kicheko, na rafiki yangu akapoteza mguu.

Mungu akupe miguu ya kufika kwenye milango ya watu, na macho yanayotoka kwenye karatasi. Bustani yenu istawi, na kila jani liwe na mwenyewe aliye hai. Na siku ambayo wewe ndiye utakuwa ndani, umeshindwa kuinuka, jina lako likiitwa, Mungu asimweke mtu wa kukuitikia. Aweke wa kuja.